Ukubwa, Ukali na Ramani za Mtikisiko

Tetemeko la ardhi lilipotokea mkoani Kagera tarehe 10 Septemba, 2016, ukubwa wake ulitangazwa kuwa 5.9. Nambari hiyo ilikuwa moja kwa tetemeko zima: Bukoba haikuwa na ukubwa wake, wala Karagwe wake. Lakini ni jambo la kawaida kuona katika tafsiri kwamba maneno "ukubwa" na "ukali" yanabadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Katika habari fupi kosa hilo laweza kusameheka. Katika maelezo ya ramani itakayomwongoza afisa anayechagua kiwanja cha shule, halisameheki.

Ukubwa ni sifa ya tetemeko lenyewe, yaani jinsi miamba ilivyokatika na kuteleza huko chini. Ukali ni sifa ya mtikisiko mahali fulani, nao hupungua au kuongezeka kutoka mtaa hadi mtaa. Vipimo vya Mercalli, ambavyo ni vya ukali, huandikwa kwa nambari za Kirumi, I hadi XII. Mfasiri akiziona hizo, ajue kwamba hazungumzii ukubwa. (Neno la kale la pwani, zilizala, halitusaidii hapa, kwani linataja tukio zima.)

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jiji la Mexico. Tarehe 19 Septemba, 1985 tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea katika pwani ya Michoacán, zaidi ya kilometa 350 kutoka jijini. Kwa umbali huo ingetazamiwa mtikisiko uwe umefifia, na kwenye miamba ya kusini mwa jiji ndivyo ilivyokuwa. Lakini sehemu kubwa ya katikati ya jiji imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi wa lililokuwa Ziwa Texcoco, na huko mtikisiko ulipimwa kuwa na nguvu mara tano hivi ya ule wa kwenye miamba. Maelfu ya watu walikufa.

Mambo mawili yalitendeka, nayo yahitaji istilahi mbili. La kwanza ni ukuzaji wa mtikisiko: mawimbi yaingiapo katika udongo laini hupunguza mwendo, na kwa kuwa nishati yake haina pa kwenda, myumbo hupanuka. La pili ni gumu zaidi kulipa jina. Udongo ule wa ziwa huyumba mara moja kila sekunde 2 hivi, na majengo yenye ghorofa 6 hadi 15 yalikaribia kuyumba kwa mwendo huohuo; hivyo kila msukumo uliyakuta tayari yakielekea upande uleule, kama mtoto wa bembea anayesukumwa kwa wakati wake. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mwangwi", lakini mwangwi ni sauti inayorudi. Mimi napendekeza "mwitikiano", kwani jengo huuitikia udongo kama waitikiaji wanavyomwitikia mwimbishaji. Mwenye neno bora na alilete.

Umbo la nchi nalo lina sehemu yake. Mwaka 1994, tetemeko la Northridge karibu na Los Angeles lilipopiga, chombo kilichokuwa juu ya kilima kidogo huko Tarzana kilipima mtikisiko wa mlalo uliozidi mara moja na nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa hiyo tusitafsiri kila kitu kwa neno "ardhi". Tutenge mwamba, udongo na umbo la nchi, maana kila kimoja kina kazi yake.

Ramani za kompyuta huyaunganisha hayo. Nchi hugawanywa katika viraba, na kila kiraba hupewa kasi ya mawimbi yanayotikisa ardhi kwa upande katika meta 30 za juu. Kasi ikiwa chini ya meta 180 kwa sekunde, udongo ni laini mno; ikizidi 760, ni mwamba. Pasipochimbwa wala kupimwa, kompyuta hukisia. Mwaka 2007 Wald na Allen wa Marekani walionyesha kwamba mteremko wa nchi, uliopimwa kutoka angani, waweza kutumika kwa makisio hayo: penye mteremko mkali huwa mwamba, penye tambarare huwa mashapo.

Hapa ndipo neno moja la mfasiri lina uzito. Katika ufunguo wa ramani kama hiyo, "kasi iliyokisiwa" isigeuzwe kuwa "kasi iliyopimwa". Uwanda wa lava iliyoganda ni tambarare, na kompyuta huuona kama udongo laini ingawa ni jiwe tupu. Afisa anayesoma ufunguo huo kwa Kiswahili ana haki ya kujua ni kiraba kipi kilichochimbwa na kipi kilichokisiwa.