Pumziko kwa Waliolemewa
Somo: Mathayo 11:25 – 12:8



Tukisoma mwaliko wa Bwana kwa watu waliochoka, mara nyingi twafikiri juu ya karo ya shule, magonjwa na ukosefu wa kazi. Mizigo hiyo Bwana anaijua. Lakini tuendelee mpaka sura ya 12. Hapo twawakuta Mafarisayo wakiwalaumu wanafunzi wenye njaa kwa sababu walivunja masuke siku ya sabato. Basi uko na mzigo mwingine, nao ni mzigo wa dini.

Torati yenyewe ilikuwa njema. Walimu wa Kiyahudi wa baadaye walihesabu ndani yake amri 613: 248 za kutenda na 365 za kutotenda. Shida ilikuja pale watu walipoongeza kanuni juu ya kanuni, na mtu maskini akaambiwa kwamba asipozitimiza zote Mungu hatampokea.

Kanisa la kwanza nalo lilijaribiwa hivyo. Katika Matendo 15 twasoma juu ya watu waliofika Antiokia wakifundisha kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, yapata mwaka 49. Petro akauliza kwa nini wawatwike wengine nira ambayo wao na baba zao walishindwa kuichukua. Barua iliyopelekwa Antiokia iliwaagiza mambo 4 tu, na waumini walipoisoma walifurahi.

Na sisi je? Yuko mama asiyekaribia Meza ya Bwana kwa kuwa hajamaliza ahadi yake ya harambee ya kanisa. Yuko kijana anayehesabu siku alizoshindwa kuamka alfajiri kuomba, na kila akikosa hudhani Mungu amemwacha. Hao hawakuchoshwa na dunia. Wamechoka wakiwa ndani ya kanisa.

Martin Luther aliujua uchovu huo. Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi zake mara kwa mara, wala hakupata amani. Baadaye, akiwa mwalimu wa Maandiko huko Wittenberg, alifahamu kutoka Warumi 1:17 kwamba haki ya Mungu si mshahara wa kufanyia kazi, bali ni zawadi ipokewayo kwa imani. Ndipo moyo wake ulipotulia.

Je, sasa tuache kuomba, kufunga na kutoa? La, hasha! Bwana anayetuita tupumzike anatupa pia nira yake. Wale wanaolima kwa maksai watatuelewa. Maksai mchanga asiyejua kazi hufungwa pamoja na yule aliyezoea. Mzoefu ndiye anayeishika njia, na mchanga hujifunza kwa kwenda naye. Ndivyo tunavyotembea na Kristo. Kazi ingalipo, lakini hatuifanyi peke yetu, wala hatuifanyi ili tupate kupendwa. Tumekwisha kupendwa msalabani, na kwa shukrani twatii.

Enyi wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, kabla ya kuongeza kanuni nyingine tujiulize: Je, itamleta mtu karibu na Kristo, au itamzuia mlangoni?

Nawe mama uliyekaa mbali na Meza, usingoje mpaka umalize kulipa. Deni la dhambi zako limekwisha kulipwa na Mwingine. Njoo Jumapili hii. Nawe kijana, kesho ukichelewa kuamka, omba saa hiyo hiyo uliyoamka. Baba yako hajaondoka.

Na tuombe: Ee Bwana Yesu, tumejitwika mizigo usiyotupa, na wengine tumewatwika. Utuondolee, utufunge pamoja nawe, utufundishe kwenda mwendo wako. Amina.