Mwanao anakwenda fildi wapi, na anakwenda kufanya nini?

Kila ifikapo Mei na Juni, wazazi wengi wenye watoto vyuo vikuu hupokea ujumbe unaofanana. Chuo kinakaribia kufunga, natakiwa kwenda fildi, naomba nauli na hela ya kuanzia. Mzazi anauliza swali moja tu: utafikia wapi? Akijibiwa kwa shangazi Kimara au kwa baba mdogo Mwanza, moyo unatulia, hela inatumwa na mazungumzo yanaishia hapo.

Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kuuliza mtoto atalala wapi. Tatizo ni kwamba katika familia nyingi kitanda ndicho kinachochagua kazi. Kijana anasomea uhandisi wa mitambo, lakini anaishia kwenye ofisi yenye meza tatu na printa moja kwa sababu ofisi hiyo ndiyo iliyo karibu na nyumba ya shangazi. Mwezi wa tisa anarudi na fomu imegongwa muhuri na ripoti imefungwa vizuri stesheneri, lakini hajashika spana hata siku moja.

Fildi ina majina mengi. Wahandisi huiita PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanaosomea ualimu, kama walio Mkwawa pale Iringa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, hwenda mazoezi ya kufundisha. Kwa kozi nyingi ni kama wiki nane za likizo ndefu, kati ya Julai na Oktoba. Ina alama zake kwenye matokeo, na pale kozi inapoidai, asiyeifanya hahitimu. Jambo ambalo halimo kwenye karatasi ni kwamba kwa vijana wengi hizo wiki nane ndizo uzoefu pekee wa kazi watakaoweza kuutaja siku ya usaili.

Kazi ziko karibu kuliko tunavyodhani

Wazazi wa Mbeya na Iringa tuna bahati ambayo hatuitumii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilianza 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, kisha kikapanda kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Kimekulia kwenye karakana. Na mkoa unaokizunguka una kiwanda cha saruji Songwe, reli ya TAZARA, kiwanda cha bia, hospitali ya rufaa ya kanda, viwanda vya chai Rungwe na kituo cha utafiti wa kilimo Uyole. Ukishuka na barabara kuu hadi Iringa unakuta kiwanda cha karatasi Mgololo, msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao Mufindi, chai tena huko huko Mufindi, na maziwa ya Asas pale Iringa mjini. Anayesomea sheria Chuo Kikuu cha Iringa au Ruaha ana Mahakama Kuu mlangoni, na mahakama za mwanzo ambako kesi hazikauki.

Pamoja na hayo, Juni ikifika mabasi yanajaa vijana wanaokimbilia Dar es Salaam. Sisemi Dar ni mbaya. Kwa anayesoma mambo ya bandari au benki kubwa, aende. Lakini akifika huko anagombea nafasi na wanafunzi wa Mlimani, DIT, IFM, Ardhi na wengine wote waliorudi nyumbani likizo. Mahali penye wanafunzi ishirini na mashine moja, kumi na tisa wanatazama. Kijana wa uhandisi aliye peke yake au na mwenzake mmoja kwenye kiwanda cha chai, msimamizi atamtuma kupanda juu ya kausho kwa sababu hana mwingine wa kumtuma. Kwa maoni yangu Mgololo yenye baridi yake ya Julai ni bora kuliko ofisi yenye kiyoyozi Posta. Mpe mtoto koti zito.

Kwa hiyo mpangilio ugeuzwe. Kwanza kazi, halafu kitanda. Mwulize mwanao mwezi wa kwanza au wa pili, kabla vyuo vyote havijaanza kugawa barua: kozi yako inataka ujue kufanya nini, na ni wapi kinafanyika kila siku? Jibu likipatikana ndipo familia ikae itafute ndugu, muumini mwenzao wa kanisani au msikitini, au chumba cha kupanga karibu na hapo.

Barua mbili na daftari moja

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chuo kinampa mwanafunzi barua ya utambulisho. Anaipeleka kwenye taasisi, nayo ikimkubali inatoa barua ya kumpokea. Akifika kazini anapewa msimamizi wa pale, na kila siku anaandika kazi aliyofanya kwenye logibuku, ambayo msimamizi anaisaini. Mhadhiri kutoka chuoni anatakiwa kumtembelea. Mwishoni kuna ripoti.

Kila hatua ina mahali inapovunjika. Barua ikipelekwa Juni inakuta nafasi zimeshakwisha, na hapo ndipo kijana anapokubali popote. Msimamizi wa kazini ana majukumu yake, hakuna anayemlipa kwa kufundisha, na mwanafunzi asiyeuliza anakuwa mtu wa kutoa fotokopi na kufuata chai. Mhadhiri ana wanafunzi waliotawanyika mikoa mitano, hivyo ziara yake inaweza kuwa ya nusu saa au simu tu. Walimu wana nafuu kidogo: mkaguzi anakaa nyuma ya darasa, anatazama andalio la somo, anaona kama wanafunzi wanaelewa. Huwezi kughushi kipindi cha dakika arobaini mbele ya kidato cha pili.

Logibuku ndiyo kipimo ambacho hata mzazi asiyejua uhandisi anaweza kukitumia. Mwombe mwanao akutumie picha ya ukurasa wa wiki ya pili. Ukikuta siku tano zimeandikwa "nilisaidia kazi za ofisi", kuna jambo. Ukikuta ameandika pampu namba fulani ilivuja, wakafungua, wakakuta sili imekwisha, wakabadilisha, ujue yuko kazini. Ukimpigia simu jioni usiishie kumwuliza kama amekula. Mwulize leo umegusa nini. Kama wiki ya pili imekwisha na jibu ni hakuna, bado kuna muda wa kijana kwenda kwa msimamizi, kwa heshima, na kuomba apangiwe kitengo kingine, au kuwasiliana na mratibu wa fildi chuoni. Wiki ya saba hakuna tena la kufanya.

Hela

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Taasisi nyingi hazimlipi mwanafunzi wa fildi, na zipo zinazotoza ada ya kumpokea. Mikopo ya Bodi ya Mikopo, HESLB, ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na si kila mwenye mkopo amepangiwa fungu hilo. Mwambie akuonyeshe mchanganuo wake kwenye akaunti yake ya mkopo, msisubiri kushtukizwa. Bumu likichelewa, kodi ya chumba haisubiri. Familia inayouza viazi au mahindi inajua mavuno yanaangukia miezi gani. Hela ya fildi iwekwe kando wakati huo, pamoja na ya ovaroli na buti za usalama, maana kiwandani hawamwachi mtu aingie na raba.

Kwingine hili wamelitatua kwa njia tofauti. Mwaka 1906 huko Cincinnati, Marekani, mkuu wa kitivo cha uhandisi aitwaye Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 ambao walipishana kati ya darasa na kiwanda, na kiwandani walilipwa. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilianza mwaka 1957 kikiwa na mpango wa namna hiyo, na hadi leo wanafunzi wake wengi hupishanisha mihula ya masomo na mihula ya kazi ya miezi minne yenye malipo. Kwetu, kilicho karibu na mfano huo huja baada ya kuhitimu: madaktari watarajali hufanya mwaka mmoja hospitalini, na wahandisi wana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003, ambapo mhitimu hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu. Mzazi wa mhandisi asidhani mahafali ndiyo mwisho wa safari.

La kuzungumza na mtoto kabla hajapanda basi

Saini ya msimamizi ina nguvu, na wapo wanaoitumia vibaya. Binti anaambiwa logibuku yake itasainiwa wakikutana mahali fulani jioni. Wavulana nao hawajasalimika, ingawa hawasemi. Wazazi wengi tunaona aibu kulitaja, basi mtoto anakutana nalo akiwa peke yake, ugenini, akiamini kwamba akikataa atarudia mwaka.

Hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa kile ambacho ni wajibu wake kutoa. TAKUKURU wana namba ya bure, 113, na wana ofisi mikoani na wilayani. Mwambie mwanao kwa maneno ya wazi kwamba akikwama hivyo akupigie wewe kwanza, usiku au mchana, na kwamba hutamwuliza alivaa nini. Mwambie pia kwamba fildi inaweza kuhamishwa au kurudiwa. Ujumbe wa simu asiufute.

Baada ya fildi

Vyuo vingi sasa vina watu wa kushauri juu ya ajira, mara nyingi chini ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wanafundisha kuandika wasifu, wanafanya usaili wa mazoezi, wanaalika waajiri. Wanafunzi huwagundua mwezi wa mwisho wa mwaka wa mwisho. Serikali nayo ilitoa mwaka 2017 miongozo ya taifa ya utarajali na uanagenzi, na huduma yake ya ajira, TaESA, huwapeleka wahitimu maofisini kupata uzoefu. Kupitia mradi wa HEET, ambao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vya umma ikiwemo MUST vinapitia mitaala yao kwa kuwashirikisha waajiri. Hayo ni mazuri, ila aliye mwaka wa pili leo hawezi kuusubiri mtaala mpya.

Anachoweza kufanya ni kidogo na hakina gharama. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji aambatishe nakala za vyeti zilizothibitishwa, si hati za matokeo za muda, na ataje wadhamini watatu wanaoaminika pamoja na mawasiliano yao. Kijana wa miaka ishirini na tatu huanza kuhangaika: mwalimu wa sekondari, mchungaji, mjomba. Angeweza kumtaja fundi mkuu aliyemwona akifungua pampu kwa wiki nane, kama tu siku ya mwisho angeaga vizuri, akaomba namba, akaeleza kwamba huenda akamwandika kama mdhamini, na baada ya matokeo kutoka akampigia kumshukuru.