Fahamu: Kwa nini Balala aliachana na ODM

Kwenye baraza za Kibokoni, Mombasa, kahawa chungu ikimiminwa, siasa za Mvita hazizungumzwi bila Najib Balala kutajwa.

Alikuwa Meya wa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2002 akaingia Bungeni kwa tiketi ya NARC, akichukua kiti cha Mvita kutoka kwa Shariff Nassir, mkongwe wa KANU. Akiwa waziri, aliipinga rasimu ya katiba ya serikali yake mwenyewe katika kura ya maoni ya Novemba 2005. Rais Kibaki akavunja baraza zima la mawaziri, na Balala hakurudishwa.

Baadaye, ndani ya chama cha ODM, alikuwa mmoja wa vigogo wa "Pentagon", kundi la viongozi wakuu wa chama hicho. Mwaka 2007 alitaka kuwania urais, kisha akampisha Raila Odinga, na baada ya uchaguzi akapewa Wizara ya Utalii. Urafiki wake na Raila ukaingia doa alipoegemea upande wa William Ruto, na Machi 2012 akafutwa kazi.

Sheria ya vyama ni kali: mbunge akihama chama, anapoteza kiti chake. Ndiyo maana waasi wengi hukaa ndani wakinung'unika hadi uchaguzi ukaribie.

Balala naye hatimaye aliiacha ODM, akaingia muungano wa Jubilee na chama chake, Republican Congress. Pwani haikumfuata: mwaka 2013 alishindwa useneta na Hassan Omar wa Wiper. Rais Uhuru Kenyatta alimteua Waziri wa Madini mwaka huohuo, na Utalii akaurudia 2015.