Mwambao wa Mweru na Sifa ya Chungu cha Mama

Umwana ashenda atasha nyina ukunaya. Mtoto asiyetembea humsifu mama yake kwa kusonga ugali. Ndivyo isemavyo methali ya Kibemba, na katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ni vigumu kumpata mtu mzima asiyeijua. Hutumika kumsuta anayedhani kwao ndiko mwisho wa dunia. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: inakiri kwamba ulimi wa mtu hufundwa nyumbani, kwenye chungu cha mama, kabla mwenyewe hajajua kuchagua. Anayetaka kujua watu wa mwambao wa Ziwa Mweru wanapenda chakula gani na wanakataa kipi, na aanzie hapo.

Mweru ni ziwa la mpakani. Mashariki ni Zambia, magharibi ni Kongo. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na mto Luvua hutokea kaskazini, karibu na mji wa Pweto. Kwenye ufuo wa Zambia ipo Nchelenge na soko lake la samaki la Kashikishi. Ukishika njia ya kaskazini unafika Chiengi, nchi ya Chifu Puta, mkuu wa Wabwile, ambao ndugu zao wengine wako ng'ambo ya mpaka. Huko Kibwile ni lugha ya nyumbani, Kibemba ni lugha ya mkoa mzima, na Kiswahili cha Katanga huvuka pamoja na wafanyabiashara. Kwa hiyo jani moja la muhogo lina majina matatu: Mzambia huliita katapa, Mkongo huliita sombe, nasi Tanzania twaliita kisamvu. Ugali nao ni ubwali upande mmoja wa maji na bukari upande wa pili. Majina yanatofautiana; tonge ni lilelile.

Ubwali wa Mweru ni wa muhogo. Zao hili lilitoka Amerika, likapita mikononi mwa Wareno, likasafiri bara kupitia Kongo hadi nchi ya Mwata Kazembe, mfalme wa bonde la Luapula, na msafara wa Wareno uliofika kwa Kazembe mwaka 1831 ulilikuta limekwisha kuwa chakula cha watu. Mihogo mingi ya huko ni michungu na ina sumu. Haina budi kulowekwa majini siku tatu, nne, hata tano, mpaka ilainike. Ndipo inamenywa, inaanikwa juani, inatwangwa na kuchekechwa. Unga wake ni mweupe, una harufu ya uchachu kidogo. Ukisongwa hutoa ugali unaovutika, laini, mzito tumboni. Aliyezoea sembe huusukuma mbali mara ya kwanza, akisema unanata mkononi. Aliyelelewa nao husema sembe ni nyepesi, haikai, na saa mbili baadaye mtu anatafuta tena cha kula. Siku hizi nyumba nyingi huchanganya muhogo na mahindi ili pande zote ziridhike.

Dharau kwa muhogo kama chakula cha maskini nimeisikia Zambia na nimeisikia Tanzania. Lakini tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya mahindi kukauka mashambani katika sehemu kubwa ya nchi. Muhogo haukauki upesi hivyo. Hukaa ardhini hata miaka miwili ukimngoja mwenyewe. Mwaka ule wenye mihogo walionekana kuwa na akiba ambayo wenye mahindi hawakuwa nayo.

Hata hivyo, ubwali peke yake si mlo. Pembeni lazima kiwepo kile Wabemba wanachokiita umunani, yaani kitoweo: samaki, nyama, maharage, uyoga au majani. Mtafiti Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa na Wabemba miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ardhi, kazi na chakula mwaka 1939, alieleza jinsi watu waliokwisha kula mahindi ya kuchoma walivyoweza kusema kwamba siku hiyo hawajala kitu, kwa kuwa ubwali haujasongwa. Alieleza pia kwamba ubwali usio na umunani hauhesabiwi kuwa chakula kamili. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa hilo, naye akila muhogo wa kuchoma na karanga mchana kutwa, jioni huuliza, "Leo tunakula nini?"

Basi kupenda na kutopenda kwa watu wa Mweru kumo zaidi ndani ya kitoweo. Na kitoweo cha kwanza ni jani. Tazama katapa inavyopikwa. Mwanamke huchuma majani machanga ya juu, huacha yaliyokomaa kwa kuwa yana nyuzi. Huyatia kinuni na kuyatwanga mpaka yanakuwa rojo la kijani, na harufu yake kali inajaa uani. Huyachemsha muda mrefu, maji yanapungua na ule ukali unaondoka. Halafu huja uamuzi wa kila nyumba. Wengine huongeza karanga zilizotwangwa, na mboga ya karanga huitwa ifisashi. Wengine huongeza mawese, maana michikichi humea katika bonde la Luapula. Wengine hutupia konzi ya dagaa. Jirani akionja chungu chako anajua umeolewa kutoka wapi na umefundishwa na nani.

Huenda msomaji akauliza: na saladi je? Jibu liko hapo kwenye katapa. Kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili, ambayo Dar es Salaam au Mombasa huwezi kula pilau bila hiyo, si sehemu ya mlo wa kila siku huko. Saladi ya kabichi na karoti iliyochanganywa na mayonezi huonekana harusini na kwenye nyumba za wageni, ikihesabiwa kuwa chakula cha sherehe. Nyumbani jani hupikwa, na hupikwa kwa sababu. Jani bichi la muhogo lina sumu ileile ya mizizi yake. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Tena kambi za wavuvi za ziwa hili zimeshambuliwa na kipindupindu mara nyingi, na mboga iliyooshwa kwa maji ya ziwa na kuliwa mbichi ni njia fupi ya kukipata. Mama anayekataa kuwapa wanawe mboga mbichi anajua anachokilinda. Pamoja na hayo, nchi haimnyimi mtu kitu kibichi: miembe imejipanga bonde zima la Luapula, na maembe yakiiva watoto hushinda chini yake.

Majani nayo yana majira yake, na yanakwenda sambamba na ziwa kwa namna inayopendeza. Kila mwaka serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ni ya mvua. Ndiyo miezi ambayo chibwabwa, majani ya maboga, yanatambaa kila ua. Bondwe, yaani mchicha, unaota hata usipopandwa. Kalembula, ambayo sisi twaiita matembele, inajaa tutani. Na uyoga unachomoza porini. Ziwa linapofungwa, bustani inafunguka. Bila shaka ni miezi ya shida kwa mvuvi anayeishi kwa fedha ya samaki, lakini chungu chenye mpishi hodari hakikosi kitoweo.

Uvuvi ukifunguliwa, samaki anarudi mahali pake, na hapo ladha za watu hutengana. Wapo wasiobadilisha pale, yaani perege wa ziwa hili, kwa samaki mwingine yeyote. Kila nyumba ina chisense. Hawa ni dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa ufuoni asubuhi. Kwa kuwa wengi huanikwa mchangani, kazi ya kwanza ya mpishi ni kuwaosha: maji ya kwanza yanatoka na mchanga mwingi, ya pili yana mchanga kidogo, ya tatu yanapimwa kwa kidole chini ya bakuli. Kisha wanakaangwa kwa nyanya na kitunguu. Ukimsikia mtu wa huko akisema hapendi chisense, uliza kwanza nani aliwaosha. Mara nyingi alichokikataa ni mchanga.

Wengine hukataa kwa imani. Wasabato wana historia ndefu Luapula, na kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11 hawali samaki asiye na magamba. Kwenye ziwa lenye kambale wengi, huo si uamuzi mdogo. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kununua samaki kwa mchuuzi mmoja: moja inachukua kambale wa moshi kwa furaha, nyingine inangoja perege. Hawagombani. Kiswahili kimeweka jambo hili vizuri katika neno moja, mwiko: ni kile unachosongea ugali, na ni kile usichokila. Wabemba nao husongea kwa umwiko. Kila jiko lina wa kwanza, na karibu kila jiko lina wa pili.

Adabu ya mlo ndiyo inayowawezesha wenye miiko tofauti kuishi pamoja. Kwa desturi, wanaume na wavulana wakubwa hula pamoja barazani, kwenye nsaka. Wanawake, wasichana na watoto wadogo hula upande wa jikoni. Mikono hunawishwa kwanza. Tonge humegwa kwa mkono wa kulia, hufinyangwa, hubonyezwa kwa kidole gumba, huchovywa. Mtoto hafundishwi kusema "sipendi" mbele ya bakuli la wote. Hufundishwa kumega kidogo na kunyamaza. Lakini mpishi huona. Anajua mume hataki pilipili, anajua mtoto wa tatu huacha uyoga, na kesho yake bakuli linakuja kimya kimya limepangwa kwa namna nyingine. Huko mtu hatangazi ladha yake. Anayempikia ndiye anayeitunza.

Desturi hiyo hufikia kilele katika ndoa. Mkwe mpya hali chakula nyumbani kwa wakwe zake mpaka afanyiwe icilanga mulilo, maana yake kuonyeshwa moto. Siku hiyo wanawake wa upande wa bibi arusi hupika vyakula vyote vinavyoliwa kwao: kuku, samaki wa aina kadhaa, maharage, katapa, mboga za karanga, uyoga. Huvibeba vimefunikwa hadi kwa bwana arusi na kumfunulia kimoja baada ya kingine. Anaambiwa hiki ndicho tulacho, na hivi ndivyo tukipikavyo. Baada ya hapo moto wa nyumba ile ni wake pia. Akija akaandaliwa chochote katika hivyo, hana sababu ya kuona haya. Sijui njia ya heshima zaidi ya kuwajulisha watu wawili kuhusu ladha zao. Hawaandikiani orodha ya wanavyopenda, wanapikiana.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 35 ya watoto wa Zambia walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Luapula ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa juu ya wastani huo. Huu ni mkoa wa maziwa, mabwawa na mito. Wanaozaliwa mbele ya samaki wanadumaa. Sababu ni nyingi, malaria na maji machafu yakiwemo, lakini mojawapo iko sokoni. Chisense akikauka anatiwa guniani, gunia linapanda lori kwenda miji ya migodi ya Zambia na Kongo, na nyumbani unabaki ubwali wa muhogo, wenye wanga mwingi na protini kidogo sana, pamoja na mchuzi mwepesi.

Ziwa hili limewahi kutoa onyo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwenda kutaga wakati wa mafuriko, alivuliwa njiani kwa wingi kabla hajataga. Wafanyabiashara, wakiwemo Wagiriki waliokuwa Kasenga upande wa Kongo, walimsafirisha kwenda kulisha miji ya migodi, na kufikia katikati ya karne ya 20 alikuwa amepungua kupita kiasi. Mji ulishiba, mwambao ukabaki na hadithi.

Simwambii mvuvi asiuze. Ada ya shule hailipwi kwa kitoweo. Nasema tu kwamba mlo wa mababu wa mwambao ule una karibu kila kitu anachohitaji mtoto. Katapa iliyotwangwa vizuri, karanga ndani yake, mawese kidogo, na konzi ya chisense wanaoliwa wazima na mifupa yao: hapo pana mboga, mafuta, protini na chokaa ya mifupa katika bakuli moja. Hakuna saladi ya hotelini itakayoishinda.

Basi mama wa Puta, baba wa Kashikishi, nawe msomaji uishiye kando ya maji yoyote, Tanganyika, Nyasa au Nyanza: kabla ya kufunga mdomo wa gunia, toa bakuli moja la nyumbani. Mtoto wako atatembea, ataonja vya watu, atajifunza kupenda na kukataa. Mpe kwanza cha kusifu.