Sigara ya moja moja: nani apunguze madhara pwani ya Lindi?

Katika vibanda vya Nangurukuru, njia panda ya kuingilia Kilwa Masoko na Kivinje, sigara nyingi hutoka moja moja, kama mafuta ya kula yanavyotoka kwa kupimwa na sukari kwa robo. Mvuvi hununua mbili za kuingia nazo baharini usiku. Mzee hununua kifuko kidogo cha ugoro. Kipato cha pwani hii huja kwa msimu wa ufuta na korosho, au kwa bahati ya nyavu, na duka la rejareja limejipanga kulingana na mfuko wa mteja wake. Ndiyo maana mjadala wa kupunguza madhara ya tumbaku, unaoendeshwa zaidi Geneva na London, nautazama kutoka kibandani.

Hoja ya wanaoutetea ina msingi. Nikotini humfunga mtu, lakini kinachomuua mvutaji zaidi ni moshi: lami na gesi za jani linaloungua. Aliyeshindwa kuacha, wanasema, apewe nikotini isiyo na moto. Mfano wao mkubwa ni Sweden, ambako wanaume wengi walihama sigara wakaenda kwenye snus, tumbaku ya kuweka chini ya mdomo wa juu, na uvutaji ukashuka kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Uingereza nayo, taasisi ya serikali ya afya ya jamii ilikadiria mwaka 2015 kwamba sigara za kielektroniki zina madhara pungufu kwa takribani asilimia 95, kadirio ambalo wataalamu wengine walilipinga vikali. Shirika la Afya Duniani halijakubali kuziita dawa. Linahofia kizazi cha watoto wasiowahi kuvuta.

Sasa ulete mfano wa Sweden Kivinje uone. Msikilizaji wa haraka atasema: basi ugoro ni salama, maana hauna moshi. Sivyo kabisa. Snus hupashwa moto kwa mvuke kiwandani, kisha hutunzwa kwenye baridi ili kemikali za saratani zisiongezeke. Ugoro wetu ni tumbaku kali iliyosagwa na kuchanganywa na magadi, na magadi hayo ndiyo yanayoisukuma nikotini ipenye haraka kinywani. Hauna lebo wala kipimo. Tambuu yenye popoo na tumbaku ni vivyo hivyo: popoo peke yake imethibitishwa kuleta saratani. Pwani imekaa na vitu hivi muda mrefu. Wayao walishuka Kilwa na tumbaku, majembe na ngozi zamani za misafara, na neno uraibu lenyewe, kabla ya kubebeshwa maana ya leo, lilitaja vile vitafunwa vya tambuu, chokaa na tumbaku. Tusidanganyane kwamba kutokuwa na moshi ni jambo jipya kwetu.

Upande wa wauzaji, soko la sigara nchini limetawaliwa kwa miongo mingi na Kampuni ya Sigara Tanzania, iliyoanza 1961, ikataifishwa 1975 na kubinafsishwa 1995. Mwenye hisa nyingi leo ni Japan Tobacco, kampuni ambayo huko Japani na Ulaya inauza Ploom, kifaa cha kupasha tumbaku bila kuiunguza. Huku kwetu fedha yake inatoka kwenye sigara ya kiberiti. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu watu wazima 9 katika kila 100 wanatumia tumbaku, wanaume wakiwazidi wanawake mara nne na zaidi. Kifaa kama Ploom kinataka chaji na kinataka mtu alipe kwa mkupuo. Mvuvi anayenunua sigara mbili hanunui kifaa.

Kitakachoingia kibandani kirahisi ni vifuko vya nikotini. Kopo linafunguliwa, kimoja kinauzwa peke yake, hakina harufu ya moshi, kina ladha tamu. Kenya walishapita hapo. Kampuni ya sigara ya BAT ilileta vifuko vya Lyft mwaka 2019, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akasema usajili wake haukufuata sheria. Bidhaa ikaondoka, kisha ikarudi 2022 kwa jina la Velo. Uganda ilichagua njia nyingine: sheria yake ya 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki, shisha na tumbaku isiyovutwa. Mimi naona kosa la Kenya lilikuwa kuliachia soko liamue nani apewe dawa, na soko halimtafuti mzee wa miaka 60 anayekohoa. Linamtafuta kijana mwenye miaka 40 ya kununua mbele yake.

Na sisi tunajua namna nyingine, tena tumeitenda. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji wa heroini methadoni, dawa mbadala yake. Mgonjwa anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, bure. Hakuna tangazo barabarani wala ladha ya embe. Huko ndiko kupunguza madhara, na iliyokubeba ni hospitali.

Kwa tumbaku, zana zipo. Vibandiko na jojo za nikotini viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Mwaka 2024 shirika hilo lilipendekeza pia saitisini, kidonge kinachotokana na mmea, kilichoanza kuuzwa Bulgaria mwaka 1964. Ningependa kukiona kwenye zahanati za Somanga, Mchinga na Songo Songo, kikitolewa na muuguzi anayemjua mgonjwa kwa jina. Dozi yake ya kawaida ni siku 25, na siku ya 26 mteja haji tena.