Gari Limekufa: Uchukue Pesa Yote au Ubaki na Mabaki?

Gari likipinduka mlima Kitonga na kuvutwa hadi gereji ya Kihesa, Iringa, mwenye gari huanza kumuuliza fundi kama litatengenezeka. Fundi atasema litatengenezeka, na huenda ni kweli. Lakini gharama ya matengenezo ikikaribia thamani ya gari, kampuni ya bima italihesabu limekufa, na hapo kinachotakiwa ni hesabu.

Hesabu yenyewe huanzia siku ya kukata bima. Bima ndogo ya gari la binafsi ni kama shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inawalipa unaowagonga, gari lako likifa hupati kitu, labda kosa liwe la mwenzako nawe udai kwenye bima yake. Bima kubwa kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT ya asilimia 18. Kwa Toyota IST ya milioni 12, hiyo ni 495,600.

Wengi hushusha thamani ili walipe kidogo. Ukiandika milioni 8 badala ya 12, unaokoa 165,200. Tuseme mkataba wako unakata ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ya asilimia 10: gari likifa utapewa milioni 7.2, wakati jirani yako aliyeandika thamani halisi anapata 10.8. Umepoteza milioni 3.6. Kuzidisha nako hakusaidii, kwa sababu kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya ajali.

Sasa mabaki. Ukiyaacha kwa kampuni, unakabidhi kadi ya gari na funguo, unasaini fomu ya kuhamisha umiliki, na kama uliandika thamani halisi unapokea milioni 10.8. Ukibaki nayo, kampuni inakata bei ya mabaki hayo. Yakikadiriwa milioni 3, unapewa 7.8. Fundi akitaka milioni 9 kulirudisha barabarani, unaongeza 1.2 mfukoni, na mwisho wake una gari ambalo mnunuzi yeyote mwenye macho atalishushia bei. Inama utazame mwenyewe: kama chasisi imepinda na eabegi zimefumuka, rangi mpya haitaficha kitu, na tairi zitaendelea kulika upande mmoja.

Mimi naona mabaki yanafaa kwa mtu mmoja tu, mwenye mteja mkononi wa injini na giaboksi, atakayelipa zaidi ya kile kilichokatwa. Wengine wote waachane nayo. Gari likiwa la mkopo, benki hulipwa kwanza, kwa hiyo ulizia deni lililobaki kabla ya kupiga hesabu ya gari jingine.

Ofa ikiwa ndogo, usibishane kwa maneno. Omba nakala ya ripoti ya mkadiriaji, kusanya bei za magari ya aina na mwaka uleule yanayouzwa Iringa na Mbeya, peleka barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hati ya kukubali malipo ndiyo inayofunga madai, hivyo usiisaini kwa sababu tu umechoka kusubiri. Ikishindikana, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.