Piano Ilipopewa Kauli

Anayetaka kujua muziki wa Wajerumani ulibadilika vipi katika karne ya 19, aache kwanza simfonia na opera, asikilize mikono ya mpiga piano katika wimbo mmoja mfupi. Franz Schubert, Mwaustria aliyetunga kwa Kijerumani, aliuandika mjini Vienna mwezi Oktoba 1814, akiwa na miaka 17. Maneno ni ya Goethe, kutoka tamthilia yake Faust: msichana Gretchen amekaa peke yake anasokota nyuzi, akimwaza mwanamume aliyemteka moyo.

Mkono wa kulia wa piano unazunguka pamoja na gurudumu la kusokotea. Wa kushoto unafuata mguu unaolikanyaga. Gretchen anaimba, mashine inazunguka. Kisha anafika kwenye kumbukumbu ya busu, na piano inakatika ghafla. Gurudumu limesimama, kwa kuwa binti amejisahau. Linapoanza tena, linaanza kwa kusitasita. Hakuna neno hata moja la shairi linalosema kwamba alisahau kazi yake. Tunalijua jambo hilo kwa piano peke yake.

Hilo lilikuwa jipya. Watunzi waliotangulia, kama Reichardt na Zelter, walizoea kutunga lahani moja ikarudiwa kila ubeti, ala ikimshikia mwimbaji sauti tu. Goethe mwenyewe aliupenda mtindo huo, akitaka shairi libaki mbele. Marafiki wa Schubert walipompelekea nyimbo mwaka 1816, zilirudishwa bila jibu.

Ala ikishapewa kauli, haihitaji tena maneno. Schubert alilithibitisha hilo mwaka 1824. Miaka saba nyuma alikuwa ametunga wimbo ambamo Kifo kinazungumza na msichana. Sasa akauchukua muziki wa Kifo, uliosikika kwanza kwenye piano kabla mwimbaji hajafungua kinywa, akautumia kujenga sehemu ya pili ya utungo wake wa fidla mbili, viola na selo. Hakuna anayeimba, na Kifo bado kipo chumbani. Mendelssohn naye alitunga vipande vifupi vya piano akaviita nyimbo zisizo na maneno.

Robert Schumann alipita njia ya kinyume. Hadi 1839 kazi zake alizochapisha zilikuwa za piano tupu. Mwaka 1840, mwaka aliomwoa Clara Wieck baada ya vita vya mahakamani na baba yake binti, alitunga nyimbo zaidi ya mia moja. Katika Dichterliebe, mkusanyo wa mashairi 16 ya Heine, wimbo wa kwanza unamalizikia kwenye sauti zinazodai jibu, na jibu halitolewi. Mpenzi ametamka haja yake. Msikilizaji anaachwa akining'inia. Mwishoni mwa mkusanyo mwimbaji ananyamaza, na piano inaendelea peke yake kwa muda mrefu, ikirudisha muziki wa wimbo wa kumi na mbili. Kwangu hapo ndipo penye kilele cha kazi nzima: Heine alifunga kwa uchungu, Schumann akaongeza msamaha.

Richard Wagner aliitanua hali hiyo ya kudai jibu ikajaza opera nzima. Tristan und Isolde, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza München mwaka 1865, inafunguka kwa sauti zisizotulia, na utulivu wake kamili unasubiri hadi mwisho, saa kadhaa baadaye. Wagner alikuwa ameyajaribu baadhi ya mawazo yake katika nyimbo mbili za sauti na piano, akiziita mazoezi ya Tristan.

Mwaka 1888 Hugo Wolf, mfuasi wake, akaurudisha utajiri huo wote ndani ya wimbo mfupi. Katika nyimbo zake 53 za Mörike jina la mshairi ndilo linalotangulia kwenye jalada. Mara nyingi mwimbaji hukaribia kusema tu, akifuata mkazo wa kila neno, ilhali lahani yenyewe imehamia kwenye piano.